Panya aling'aa tumbo, tukashangilia mapema

Picha ilinifikia saa nne usiku kwenye WhatsApp, imetoka kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Ujerumani anasomea mambo ya bakteria wa tumboni. Panya wawili wamelazwa chali wamechomwa usingizi, mmoja mzima mmoja mgonjwa. Yule mzima ana kamwanga ka bluu kwa mbali pale tumboni, ila yule mgonjwa jamani, tumbo lote la chini limewaka njano mpaka nyekundu kama jiko la mkaa lililopepewa. Chini ya picha kaandika, "Dada vimefika!!!" alama za mshangao tatu.

Na mi picha hiyo naiangalia nikiwa wapi? Chooni. Maana wiki hiyo ugonjwa wangu ulikuwa umeamka, na sisi watu wa ugonjwa huu tunasoma mambo mengi sana tukiwa chooni, kama kuna kitu najua kuhusu bakteria basi asilimia kubwa nimekisomea pale.

Nina vidonda vya utumbo mpana, madaktari wanaita alserativu kolaitisi, iko kwenye lile kundi la magonjwa wanaloliita IBD, ndugu yake ni Crohn. Tofauti kwa haraka ni kwamba ya kwangu inakaa kwenye utumbo mpana tu na inaunguza ile ngozi ya juu ya ndani, Crohn yenyewe inaweza kupiga popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa na inachimba kwenda chini. Kwa nini inaanza hakuna anayekupa jibu moja, wanakwambia ni vinasaba, ni mazingira, ni bakteria wa tumboni, ni kinga ya mwili kugombana na bakteria ambao ilitakiwa iwazoee. Haiponi. Inalala na kuamka, ndo tunavyosema, ikilala unasahau kabisa kama unaumwa, ikiamka unajua choo cha kila stendi kati ya Mwanza na Dar.

Kabla sijaeleza kile kilichofika (au hakikufika) kwenye tumbo la panya wa mdogo wangu, lazima nieleze miaka yangu miwili ya taifodi na amiba, kwa sababu ndo iliyonifanya nimuulize mtoto wa watu swali lililomkera usiku ule.

Mi nilianza kuharisha damu nikiwa na miaka 26. Nikaenda hospitali moja, wakapima damu, kile kipimo cha Widal, wakasema una taifodi. Nikapewa sipro. Nikapata nafuu kidogo, sjui ni dawa au ugonjwa ulikuwa unalala wenyewe, baada ya miezi miwili hali ikarudi, Widal tena, taifodi tena. Sehemu nyingine wakapima choo wakaniambia amiba, nikala Flagyl mpaka mdomo ukawa na ladha ya shilingi ya zamani. Nimehesabu, kwa miaka miwili nimetibiwa taifodi mara tano na amiba mara nne, kilo kumi na moja zimekwenda, na mama yangu kule Mwanza kashaanza kuulizia kama kuna mtu nimemkosea.

Baadae sana, nikishafanyiwa kipimo cha kamera Dar na kuambiwa jina halisi la ugonjwa, ndo nikaanza kusoma. Kumbe Widal haimuoni bakteria wa taifodi hata siku moja. Inachoona ni kingamwili, zile alama ambazo mwili unatengeneza ukishawahi kupambana na bakteria wa aina hiyo, na zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu bakteria mwenyewe alishaondoka zamani, na ukikulia sehemu yenye taifodi nyingi unaweza kutembea nazo ukiwa mzima kabisa. Na amiba je? Kuna amiba mwingine anaitwa Entamoeba dispar, hana madhara, ila kwenye hadubini anafanana kabisa na yule mbaya, Entamoeba histolytica. Yani mtu wa maabara hakunidanganya, inawezekana kweli aliona kitu, ila alichoona na alichoniandikia ni vitu viwili tofauti.

Sasa weka hiyo pembeni turudi kwa panya.

Vile ambavyo mdogo wangu alisema vimefika ni vifuko. Bakteria wengi, hasa wale wa kundi lenye ngozi mbili kama E. coli, wana tabia ya kuvimbisha ngozi yao ya nje, inatoka kama kapovu ka sabuni, kanakatika kanakwenda zake. Ndani ya hako kapovu kuna protini za bakteria, mafuta, vipande vya DNA na RNA, kifurushi kabisa. Watu walianza kuviona kwenye hadubini za elektroni miaka ya 60, kwa E. coli, halafu kwa bakteria wa kipindupindu kule Calcutta, na kwa muda mrefu wengi walivichukulia kama takataka tu, ngozi iliyobanduka. Leo inajulikana ni njia ya bakteria kutuma vitu mbali bila yeye mwenyewe kusogea. Ukubwa wake ni kuanzia nanomita kama 20 mpaka 300 hivi. Unywele wako una upana wa nanomita karibu 80,000, kwa hiyo vifuko vya nanomita 100 ukivipanga mstari vinaingia 800 kwenye upana wa unywele mmoja. Hadubini ya kawaida ya maabara huwezi kuona umbo lake, ni vidogo kuliko mwanga wenyewe unavyoweza kuchora.

Na bakteria ambaye mdogo wangu anamfuga ana historia tamu sana. Anaitwa E. coli Nissle 1917. Watu wakisikia E. coli wanawaza choo na maji machafu, ila E. coli ni ukoo mkubwa, kuna majambazi na kuna watu wa heshima. Mwaka 1917 vita kuu ya kwanza imepamba moto, daktari mmoja wa Freiburg, Ujerumani, Alfred Nissle, akamkuta askari aliyekuwa amepigana huko Balkan, kusini mashariki mwa Ulaya, ambako wenzake walikuwa wanaharisha vibaya, yeye hana hata dalili. Nissle akasema huyu lazima tumboni ana mlinzi, akachukua choo chake, akaotesha, akampata huyo bakteria, akamuweka kwenye vidonge. Dawa hiyo inaitwa Mutaflor, ipo mpaka leo Ujerumani. Yani kuna choo cha askari mmoja ambacho kizazi chake kinaendelea kuishi zaidi ya miaka mia moja, mi hicho kitu huwa kinanichekesha kila nikikiwaza.

Kwa ugonjwa wangu huyu bakteria sio hadithi tu. Mwaka 2004 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa 327 wa alserativu kolaitisi ambao ugonjwa ulikuwa umelala, wengine wakapewa Nissle wengine mesalazini, ambayo ndo dawa ninayokula mimi kila siku, kwa miezi 12. Kwa wale waliofuata masharti ya utafiti, ugonjwa uliamka kwa asilimia 36.4 ya waliopewa bakteria na asilimia 33.9 ya waliopewa mesalazini. Karibu sawa sawa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, nikaangalia bakuli langu la vidonge.

Sasa swali likawa huyu bakteria anafanyaje kazi, na hapo ndo vifuko vikaingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona walichukua vifuko vya Nissle peke yake, bila bakteria hata mmoja, wakawalisha panya waliofanywa wagonjwa wa kolaitisi, wakachapisha 2017 kwamba utumbo ulipoa, madhara yalipungua. Wengine, wa chuo cha Caltech kule Marekani, walishaonyesha mwaka 2012 kitu kinachofanana na hicho kwa bakteria mwingine kabisa, Bacteroides fragilis. Kwa mgonjwa hii habari ni kubwa kwa sababu kifuko hakiko hai, hakizaliani, na sisi wengine tunakula dawa za kushusha kinga, kumeza bakteria hai kwa mabilioni sio jambo la kufanya tu kwa furaha. Alafu huyo Nissle mwenyewe ana doa, kwenye vinasaba vyake kuna kipande kinachotengeneza sumu iitwayo kolibaktini inayoharibu DNA, na mwaka 2020 wanasayansi waliona alama za uharibifu wa aina hiyo kwenye baadhi ya saratani za utumbo mpana za watu. Hiyo haina maana Nissle anasababisha saratani, ila ukiwa mtu ambaye tayari daktari anakuchungulia kwa kamera kila baada ya muda kwa hofu ya saratani hiyo hiyo, lazima usimame kidogo.

Kwa hiyo vifuko. Ila vinaenda wapi? Ukinywa kifuko kinaanza na asidi ya tumbo, halafu nyongo ambayo kazi yake ni kuvunja mafuta na kifuko chenyewe ni mafuta, halafu vimeng'enya vya kukata protini, halafu mita kama sita za utumbo mwembamba, ndo kifike kwenye utumbo mpana ambako nako kuna ute. Na ute wa utumbo mpana una tabaka mbili, la nje limelegea bakteria wanaishi humo, la ndani limeshikana kiasi kwamba kwa mtu mzima wa afya bakteria hawaingii kabisa. Kwa sisi wagonjwa tabaka hilo limekonda na lina matundu. Mtu ukiniambia kifuko kilimezwa na utumbo ukapona, mi nataka kujua katikati hapo kilipita wapi, kilishika seli ipi, au labda hakikufika kokote, kiliongea na seli za kinga huko juu kwenye utumbo mwembamba zikapeleka ujumbe wenyewe.

Ndo maana wanavipaka rangi inayong'aa ikimulikwa. Kazi yenyewe mdogo wangu alinieleza ni ya kuchosha, unaotesha bakteria kwenye supu, unawatoa kwa sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, ile supu inayobaki unaipitisha kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko bakteria, halafu unaizungusha kwa nguvu mara laki moja ya uzito wa kawaida kwa masaa, chini ya chupa kinabaki kidoti ambacho wakati mwingine hata hukioni, unaomba Mungu tu kipo. Hicho ndo vifuko. Unaongeza rangi yenye mikia ya mafuta, mikia inajichomeka kwenye ngozi ya kifuko, unaosha, unamnywesha panya kwa kibomba. Panya wenyewe anakuwa alishapewa DSS kwenye maji ya kunywa kwa siku kadhaa, ni kemikali inayoharibu ngozi ya utumbo mpana mpaka anaharisha damu. (Hapa huwa nawahurumia. Najua wanavyojisikia.) Kisha unamuweka kwenye sanduku jeusi lenye kamera iliyopozwa sana, unapiga picha, tumbo linang'aa.

Basi usiku ule nilimuuliza mdogo wangu, "Sasa umejuaje ni vifuko vinavyong'aa, sio rangi?"

Akanijibu, "Dada rangi iko kwenye vifuko."

"Najua umeiweka kwenye vifuko. Nauliza sasa hivi iko wapi."

Akanitumia ile emoji ya kugeuza macho akalala. Sikumlaumu, mi sio mtu wa maabara, mi nauza vifaa vya stationari. Ila kichwani nilikuwa naiona Widal yangu. Alama ipo, sawa, mwenye alama je?

Wiki mbili baadae akanipigia mwenyewe, sauti imeshuka. Kwenye kikao msimamizi wake alimuuliza swali lile lile kwa maneno mengine, panya wa rangi tupu yuko wapi? Hakuwa naye. Ikabidi arudie, achukue supu ambayo haijawahi kuwekwa bakteria, aipitishe hatua zote zile, chujio, sentrifuji, rangi, kuosha, amnyweshe panya mgonjwa. Tumbo likawaka. Sio kidogo, likawaka karibu sawa na la kwanza.

Sababu akanieleza vizuri sana, na mi naieleza kama nilivyoielewa. Rangi zile hazipendi maji, zikikosa ngozi ya kujichomeka zinakumbatiana zenyewe kwa zenyewe zinatengeneza vidonge vidogo ambavyo ukubwa wake unakaribiana na vifuko, kwenye sentrifuji vinashuka chini pamoja, ukiosha unaosha vyote. Pili hata ile iliyoingia kwenye kifuko haikai imetulia, ikigusa ngozi ya seli nyingine inahama, kama mbu wa Kirumba kule Mwanza, leo kwa jirani kesho kwako. Tatu kifuko kinaweza kuwa kimeshavunjwa na nyongo zamani huko juu ila rangi iko palepale inang'aa kwa siku kadhaa, na kamera haijui tofauti. Na kuna la nne ambalo lilinifanya nicheke mpaka nikajishika tumbo, chakula cha panya. Chakula chao cha kawaida kina majani makavu ya alfalfa, majani yana klorofili, na klorofili yenyewe inang'aa ukiimulika. Kwa hiyo panya ambaye hajapewa kitu chochote, amekula tu ugali wake, tumbo linaweza kuwaka. Watu wa kazi hiyo wanabadilisha chakula siku kadhaa kabla, na wanachagua rangi za upande wa mwanga usioonekana kwa macho ambako hiyo kelele ni ndogo.

Nikamwambia pole. Nikamwambia pia mi nilitibiwa taifodi mara tano, yeye kakosea mara moja.

Lakini tuseme umesafisha kila kitu, rangi tupu haing'ai tena, vifuko tu ndo vinang'aa, na kwa panya mgonjwa vinang'aa zaidi kuliko kwa mzima. Si ndo ushindi? Watu wengi wakifika hapo wanaandika kwamba vifuko "vinatafuta" sehemu yenye uvimbe, kana kwamba vina akili. Mi hapo ndo nina ugomvi kabisa. Mwaka 2001 ulitoka utafiti mmoja ambao nadhani kila anayefanya kazi hii angebandika mlangoni, walichukua panya wenye kolaitisi wakawalisha chembe za plastiki, polistireni ya kawaida isiyo na ujumbe wowote wala protini wala nini, na chembe hizo zikanasa kwenye utumbo ulioumia kuliko ule mzima, na zile ndogo za nanomita 100 ndo zilinasa kuliko kubwa. Plastiki! Plastiki haitafuti kitu. Utumbo ulioungua una matundu, una ute mwingi usioeleweka, una seli za kinga zimejaa pale zinameza chochote kinachopita, kitu kidogo kikipita lazima kinase. Ukimwaga mchanga kwenye barabara yenye mashimo, mchanga utajaa kwenye mashimo, huwezi kusema mchanga umeyapenda.

Kwa hiyo panya wa plastiki naye anahitajika. Mdogo wangu alivyosikia hivyo akasema, "Dada wewe unataka nimalize PhD nikiwa bibi."

Zipo njia nzuri zaidi, kwa kweli. Kuna watu wanamtengeneza bakteria mwenyewe ili vifuko vizaliwe vikiwa na taa tayari, unaunganisha protini inayokaa kwenye ngozi ya kifuko na kimeng'enya kinachotoa mwanga, mojawapo asili yake ni kamba wa bahari ya kina kirefu. Hapo huweki rangi ya mafuta kabisa, na kwa sababu mwanga unatokea tu ukiongeza chakula cha hicho kimeng'enya, ugali wa alfalfa hauwezi kukuchanganya. Kimeng'enya kikikatwa na tumbo, mwanga unazima. Hilo ndo jambo ninalolipenda, taa inakufa na mwenye taa, angalau karibu karibu.

Ila ile iliyonishangaza kuliko zote ni ya Frankfurt, 2021. Hawa hawakufuatilia kifuko, walifuatilia kilichopokelewa. Wakamtengeneza E. coli aweke ndani ya vifuko vyake mkasi unaoitwa Cre, ni kimeng'enya kinachokata DNA sehemu maalumu. Halafu wakatumia panya ambao kila seli yao ina taa nyekundu iliyozimwa, imefungwa na kipande cha DNA ambacho mkasi huo tu ndo unaweza kukikata. Seli ikipokea mkasi ukafika mpaka kwenye kiini ukiwa bado unafanya kazi, taa inawaka na haizimi tena. Wakakuta seli nyekundu kwenye ngozi ya utumbo, mpaka seli shina, zile mama zinazozaa nyingine, na mbali zaidi, ini, figo, moyo, hadi ubongo. Kumbuka ngozi ya utumbo inajibadilisha yote ndani ya siku tatu mpaka tano hivi, kwa hiyo mstari wa seli nyekundu unaodumu muda mrefu maana yake mama yao alipokea barua, sio wao. Hata hapo bado kuna kautata kake, maana ukiona seli nyekundu hujui kama imepokea yenyewe au imerithi, na vifuko vilivyofika bila mkasi huvioni. Lakini ni tofauti kubwa na tumbo kuwaka. Na hiyo habari ya ubongo inanipa furaha na wasiwasi kwa pamoja, maana ngozi ya kifuko ina yale mafuta yenye sukari ya bakteria ambayo damu yetu ikiyakuta kwa wingi inapiga kengele ya hatari.

Mama yangu nilimsimulia haya yote siku moja kwa simu, nikiwa najaribu kumueleza mdogo wangu anafanya nini huko kwenye baridi. Akasikiliza weee, akasema, "Si mtindi tu huo?" Na hajakosea sana, mama wa Mwanza anajua, maana tangu 2004 kina mama pale mjini walikuwa wanatengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1 kwa kushirikiana na Western University ya Canada, watu wakauita Fiti. Huyo wa mtindi ana ngozi moja nene, sio mbili, na bado ndugu zake wa ukoo huo wameonekana wakitoa vifuko pia. Ila mama akanywa mtindi wake, mi nikaendelea na mesalazini, maana wapo watu wananitumia matangazo ya vidonge vya probayotiki "vinavyoponya vidonda vya tumbo kwa siku 21" na mi siwajibu tena. Vifuko vyenyewe kwa ugonjwa huu bado ni kazi ya panya na seli zinazooteshwa kwenye visahani vya maabara, aliyekuuzia kakuuzia kitu kingine.

Juzi mdogo wangu kanitumia picha mpya. Panya watatu safari hii. Ugonjwa wangu umelala, niliipokelea mezani kama binadamu wa kawaida, chai pembeni.

"Wa kushoto rangi tupu," akaandika.

Wa kushoto mweusi kabisa, hana hata kanukta. Nikamtumia makofi.

"Wa kati vifuko."

Wa kati amewaka, chini kushoto, pale pale utumbo mpana unapokaribia kuisha, ambapo na wangu huanzia.

"Na wa kulia?" nikauliza, maana wa kulia naye alikuwa amewaka.

"Plastiki yako hiyo."

Nikavuta picha karibu, nikaangalia mmoja, nikaangalia mwingine, kwa macho yangu sikuona tofauti. Nikamuuliza nani kamzidi mwenzake. Akasema mashine bado inahesabu, anaenda kula atanicheki.